Herufi Nne Mkekani

Jumatatu, 8 Juni 2026

Salamu nyingi kwako wewe unayesoma daftari hili, popote ulipo. Hujambo? Watu wako hawajambo? Na miguu yako je? Mimi huuliza miguu mapema kwa sababu yangu inanisumbua tangu mafuriko. Jina lako silijui, lakini kuanza kumweleza mtu mambo ya ndani bila kumsalimu sikulelewa hivyo. Sisi huku Ngao wazima. Mungu ametuweka.

Naitwa Jasper. Mzee wa kanisa, miaka hamsini na minne, darasa la nane. Nalima kandokando ya mto Tana kama baba yangu.

Leo Mama Alice, yaani mke wangu Everline, amekwenda kijiji cha Wema. Dada yake amejifungua. Atarudi Ijumaa, Jumamosi tupande. Maji yametoka shambani, yameacha tope laini kama samli. Tope hilo ni la siku chache tu. Likikauka linapasuka, na jembe linaruka. Mwaka juzi nilichelewa siku nne. Tulikula ndizi za kuchemsha mpaka Alice akawa anaondoka mezani akisikia sufuria inafunikwa.

Mbegu zimo katika vibuyu vinne vikubwa juu ya meko, zinapata moshi zisitobolewe na wadudu. Mpunga. Mahindi. Kunde. Pojo. Hizo tu. Nyingine zilikwenda na maji. Mama Alice alinionyesha kibuyu kimoja kimoja kwa kidole, akaniambia nisiguse. Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa. Akasema anajua, ndiyo maana anarudia. Akarudia.

Lakini habari kubwa ni hii: mchungaji amenipa dakika kumi za neno Jumapili! Mara ya mwisho nilisoma vizazi vya kina Abrahamu na watu wakalala. Hata mimi nilisinzia kidogo pale kwenye majina marefu. Halafu Barnabas, mzee mwenzangu, akapewa zake. Akasimulia jinsi kiboko alivyompisha njia akienda maombini. Kina mama walilia! Kiboko yule namjua. Humpisha kila mtu.

Kwa hiyo nahitaji kitu kizito. Nimemuuliza binti yetu Alice, anayesomea kompyuta chuoni Garsen, yuko nyumbani wiki tatu. Akaniambia ndani ya kila chenye uhai mna maandishi marefu ya herufi nne tu: A, T, G, C. Ndani ya mtu, ndani ya mpunga, ndani ya kupe. Na wapo waliowahi kujiuliza kama viumbe wa mbali huko angani hawakuficha ujumbe humo.

Nikauliza, wameupata? Akasema hapana. Nikauliza, wametafuta vizuri? Akasema, "Baba."

Viumbe wa angani sijui kama nawaamini. Malaika nawaamini. Sasa malaika naye si kiumbe wa angani? Nimekaa na swali hilo mpaka ugali ukashika chini.

Jumanne, 9 Juni

Asubuhi mtoni nilimkuta Tadicha, rafiki yangu Muorma, ananywesha ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini wanawakata ng'ombe masikio. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. Akasema ni alama ya ukoo, ili ijulikane ng'ombe ni wa nani.

Nikapiga kelele, Amina! Ng'ombe watatu wakarudi nyuma. Maana ndiyo hiyo hiyo! Mwenye mali huweka alama. Aliyetuumba ameweka yake, tena ndani, pasipofikika na kisu.

Tadicha akasema ngoja kwanza. Akasimulia kuna ndama alipotea, akapatikana ana pengo sikioni, sawasawa na alama ya ukoo fulani. Ukoo huo wakaja kumchukua. Mwenyewe akakataa, akasema ndama wake hajamkata bado. Wazee walikaa siku mbili. Mwishowe bibi mmoja akalishika lile sikio, akasema hii si kazi ya kisu, ni mwiba wa mathenge, ndama alinasa kwenye ua. Tadicha akasema kuna mikato mingine haikukatwa na mtu.

Sikuelewa hadithi hii inaingia wapi. Nadhani alikuwa anatuonya juu ya mathenge.

Alice alikuwa na safari ya Garsen, nikamwomba aniletee herufi za mpunga. Nilichagua mpunga kwa sababu waumini wanaujua. Amerudi na karatasi mbili, zimepigwa chapa kwa Nasteha, mwenye duka la kuchapisha pale stendi ya Garsen. Amesema hicho ni kipande kidogo mno, mpunga mzima ungejaza nyumba. Nikatazama. Hakuna nafasi, hakuna nukta, hakuna aya. Mwalimu wetu wa darasa la tano angemrudishia mwandishi huyu kazi yake.

Na maandishi madogo kama mayai ya chawa! Miwani yangu ina mguu mmoja, mwingine ni uzi. Nilipofika mstari wa tatu A na G zilikuwa kitu kimoja.

Lazima ziandikwe kwa ukubwa. Ziwe nne, zisifanane, mtu wa benchi la nyuma azione.

Nimekula huku nimeangalia juu ya meko.

Jumatano, 10 Juni

Sikugusa. Nimeazima. Mwenye nyumba haazimi kwake? Basi.

Mpunga ni A. Mahindi ni T. Kunde ni G. Pojo ni C. Kila herufi konzi moja. Alice ananisomea, mimi namwaga. Tulianza hivyo, kisha Alice akaniuliza hizi si mbegu za Mama. Nikamwambia asome. Akaweka karatasi chini, akasema hasomi. Nikaendelea peke yangu na uzi wa miwani mdomoni. Mikeka sita uani, miwili kati yake ya kanisa. Konzi mia mbili na arobaini! Vibuyu vimebaki vyepesi kabisa.

Jamani, uzuri wake! Mpunga unajiandika wenyewe kwa mpunga!

Upepo ukaja saa nne. A zikaanza kutembea kuelekea T. Nikafikiri haraka, kipaji ninacho. Nikakoroga uji mzito wa unga, nikapaka mikeka, konzi zikatulia kama watu waliookoka.

Alice akasema mbegu ikiloa inaamka. Nikamwambia nitazitoa kesho.

Baadaye nikamwomba kompyuta yake isome ujumbe. Akasema inabidi aandike programu, na chuoni wamebadilishiwa lugha ya kompyuta tena. Mwaka wa kwanza walifundishwa lugha moja, sasa imekuja mpya, wanaanza upya. Nikashangaa. Nikamuuliza hizo lugha mpya zina jambo jipya gani. Akasema nyingi ni zile zile, umebadilishwa mlango tu, ndani viti ni vile vile. Chache ndizo zina kitu. Iko moja inayosoma kazi yako yote kwanza, na ikiona utaharibu mbele inakukatalia usianze.

Nikamwambia hiyo si mpya. Nimeioa miaka ishirini na sita.

Akacheka. Kisha akatazama mikeka, akaacha kucheka, akaniuliza lini hasa Mama anarudi. Nikasema Ijumaa jioni. Muda upo.

Kama lugha mpya ni kubadilisha mlango, hata mimi naweza. Jioni nimetunga yangu. Programu lazima ianze na TUOMBE na iishe na AMINA. Pale inapochagua njia kuna neno IKIMPENDEZA. Pale inaporudia kuna neno NA TENA. Alice ameketi, ameingiza maneno yangu kwenye kompyuta, na imefanya kazi! Imehesabu moja mpaka kumi na ikasema AMINA. Nikasimama. Nikamwambia huu ni uvumbuzi, wa kwanza Tana River.

Akasema kwa upole, "Baba, hii ni ile ile ya mwaka wa kwanza. Umeivalisha joho la kwaya."

Vijana hawajui kupongeza.

Alhamisi, 11 Juni

Siku mbaya. Kaa chini kabla hujasoma.

Asubuhi nilikwenda kumweleza mchungaji kuhusu lugha yangu. Nikamkuta Barnabas hapo. Nikaeleza mbele yake, kosa langu. Saa sita huyo Barnabas yuko mlangoni kwangu, eti na yeye ametunga lugha. Inaanza na TUSALI na kuisha na HALELUYA!

Nikamwambia hiyo si lugha mpya hata kidogo. Ni yangu, amebadilisha maneno mawili. Mtu akibadilisha maneno mawili juu ya kitu cha mwenzake amevumbua nini? Nikamuuliza hana haya. Alice alikuwa anafua pale karibu. Akaingiwa na kikohozi kikali akaenda nyuma ya nyumba.

Barnabas akasema yake ina furaha zaidi mwishoni. Tukabishana kuhusu furaha mpaka nikasikia kitu uani. Kop, kop, kop.

Kuku wa Nyevu!

Nyevu ni jirani yetu Mgiriama, mama mjane, shamba lake limepakana na letu. Ana kuku kumi na tisa na wote walikuwa kwenye mikeka yangu. Uji ndio uliwaita. Walikuwa wanakula ujumbe kutoka kulia kwenda kushoto! Nikakimbia, nikateleza kwenye uji, nikapita na mkeka wa tatu na wa nne. Barnabas akafukuza kuku kwa Biblia, bila kuwapiga nayo, aliipunga tu. Namsifu kwa hilo.

Nyevu alipokuja nilimwambia kuku wake wamekula maandiko ya uhai. Akasema, "Baba Alice, kuku wangu hawajui kusoma. Wanajua uji." Akatazama uani kwa muda. Akauliza zile ni mbegu za Mama Alice? Nikasema ni herufi. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Zimebaki konzi mia na kitu, nyingine zimechanganyika. Barnabas akaniambia nizitoe kwenye uji leo leo, tutasaidiana. Nikamwambia nikizitoa ujumbe unapotea, na sijausoma bado. Alidhani sikumwelewa. Nilimwelewa. Anataka nisiwe na neno Jumapili.

Jumla ya siku: uji umeanza kuchacha.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeusoma! Utukufu!

Alice alishaniambia kwamba mwili nao husoma zile herufi tatu tatu. Basi nikatengeneza jedwali: tatu hizi ni B, tatu hizi ni K, na kuendelea. Jedwali la kwanza likatoa upuuzi. La pili upuuzi. La tano lilitoa UGA, nikadhani ni ugali umekatwa na kuku. La tisa, ndugu msomaji, likatoa BARN.

Kati ya watu wote!

Nikaomba. Nikalichana. Jedwali la kumi na moja nikalipanga kwa utulivu zaidi, nikaanzia mkeka wa pili, nikaruka saba saba, nikarudi nyuma mara moja tu, na hii hapa: JASPA. Ndivyo nilivyokuwa nikiliandika darasa la kwanza! Nani mwingine anajua hilo?

Nikamwita Alice. Akauliza nilijaribu majedwali mangapi. Nikasema kumi na moja. Akasema kwa kumi na moja na kurukaruka ningepata hata jina la mbuzi. Nikamwambia mbuzi hana jina. Akasema, "Ndivyo nilivyomaanisha, Baba." Hakuna nilichoelewa.

Kisha nikainama kumwonyesha ile J. Huanza na konzi ya pojo. Nikaona kitu cheupe kinatoka kila punje. Mkia. Nikatazama kunde. Mikia. Mahindi yamevimba. Mpunga umepasuka mdomo. Mikeka yote ilikuwa inaota.

Pikipiki ikasimama nje. Haikuwa jioni. Ilikuwa saa nane. Mama Alice alishuka na mzigo wake wa ndizi kutoka Wema, akaingia uani, akasimama.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka mzigo chini polepole. Akaniuliza mpunga ni upi.

Nikasema, "A."

Akarudia, mpunga ni upi, Baba Alice. Nikamwambia A ndiyo mpunga. Akakunja leso kiunoni, akapiga magoti mkekani, akaanza kutenga punje kwa vidole. Alice akapiga magoti. Nyevu akaruka ua akapiga magoti. Nikasimama nao bila kazi. Mama Alice akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye hana shida na malaika, wala na kompyuta. Shida yake ni kwamba mbegu iliyoamka haitarudi kulala. Isipoingia ardhini kesho, imekufa. Na mpunga uliobaki hautoshi nusu ya bonde. Mwaka mzima wa ndizi, akasema. Umesahau? Mimi sijasahau.

Machozi yake yaliangukia kwenye kunde. Hapo ndipo nami nikapiga magoti.

Jumamosi, 13 Juni

Tumepanda! Mgongo wangu hauko nami tena.

Alfajiri tulipofika shambani tope lilikuwa linaanza kukunja ngozi juu, lakini chini bado laini. Mama Alice akagawa kazi. Mpunga chini bondeni penye unyevu, mahindi juu ukingoni, pojo na kunde kando. Mbegu zenye mikia mirefu zilishikwa kama vifaranga. Mpunga ukaisha mapema, kama alivyosema. Bonde likabaki wazi kubwa, linang'aa. Mama Alice alilitazama, akatazama pembeni.

Ndipo akaja Barnabas na debe kichwani. Nusu ya mbegu yake ya mpunga. Akamwambia Mama Alice shamba lake ni dogo mwaka huu, mto umemla upande mmoja, mbegu zingebaki tu. Uongo ule! Nimepita kwake juzi, mto haujamla hata unyayo. Mama Alice akamshukuru kwa mikono miwili. Mimi pia nilimshukuru. Ilinichukua muda kuanza.

Akaniuliza kwa sauti ya chini ujumbe ulisema nini. Sikumwambia kuhusu jedwali la tisa. Kuna mambo mtu hufa nayo.

Mama Alice alinipa kona ya juu karibu na mtaro, nipande peke yangu zile zilizobaki hazijatengwa. Alisema huko siwezi kuharibu kitu. Nilipanda kwa uangalifu sana. Uangalifu wa ajabu. Nitaeleza wakati wake.

Jumapili, 14 Juni

Dakika kumi zangu. Nilizitumia kumi na saba.

Nilianza vizuri. Nilisema kila punje uliyokula jana ina barua ndani yake. Kanisa likatulia! Mzee mmoja akavua kofia ambayo hakupaswa kuwa nayo. Nikasema herufi nne tu zimetengeneza mpunga, na tembo, na mjukuu wako. Kina mama wakasema mmh. Nikamwona Barnabas amefunga macho, na hakuwa amelala.

Ningekaa hapo. Alice anasema ningekaa hapo.

Lakini Nyevu akauliza kutoka benchi la nyuma, sasa barua yenyewe inasema nini? Kanisa zima likageuza shingo kwangu. Mimi sisemi uongo madhabahuni. Nikasema, "Inasema JASPA."

Mama Alice akajifunika leso uso mzima. Kisha Barnabas akasema kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, "HALELUYA!" Kanisa likavunjika. Watu walicheka mpaka ngoma ya kwaya ikaanguka. Mchungaji aliinama chini ya meza kutafuta kitu, na akakitafuta muda mrefu.

Hakuna aliyelala, hilo nitalisema.

Njiani Mama Alice alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwa Nyevu. Hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akaniambia yeye ndoa yake aliifunga na mtu mmoja, sasa anaambiwa yumo ndani ya kila punje, atapika nini? Nadhani nimesamehewa. Ameniapisha kwa mkono juu ya meko kwamba sitagusa tena vibuyu. Nimeapa. Vibuyu.

Jumanne, 23 Juni

Zimeota! Mpunga wa Barnabas umesimama bondeni kijani kibichi, sawasawa kama nywele za mtoto. Mahindi yako ukingoni. Mama Alice amepita mistari yote anaimba. Tutakula mwaka huu, Mungu akipenda.

Kisha akafika kona yangu.

Akasimama. Akaita, "Baba Alice, hii ni nini?" Kwa sababu pale mbegu ziliota moja moja, mpunga, hindi, kunde, kunde, pojo, mpunga, kwa mistari kumi na miwili, na nafasi sawa katikati. Nilimwambia ni kilimo cha mchanganyiko. Alice akaja, akatazama, midomo yake ikawa inahesabu tatu tatu. Akasema, "Baba, umeandika."

Ndiyo, nimeandika! Kwa jedwali la kumi na moja. Barua ikija si lazima ijibiwe? Wanangojea tangu enzi za kupe wa kwanza bila hata neno. Nimeandika: HATUJAMBO. NYINYI JE. Alice ameniambia pojo zitaoza kwenye unyevu ule na hindi litaupiga mpunga kivuli, hakuna kitakachozaa. Mama Alice amesema kona hiyo chakula chake nitakula peke yangu, pamoja na hao ninaowaandikia. Haya.

Nimekaa nimetafakari wiki mbili hizi kwa unyenyekevu, nikaona kosa langu wazi. Mikeka ilikuwa midogo. Na uji ulikuwa wa unga wa mahindi, yaani nilipaka herufi T juu ya herufi zote, ingewezaje kusomeka? Wa muhogo haungeleta shida. Na sikuapa juu ya magunia. Barnabas ana magunia manne ghalani, ya aina nne tofauti, na kesho anakwenda Kipini siku tatu.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, nimekueleza yote, hata ya BARN. Nami nataka kusikia kutoka kwako. Kama uko duniani, acha jibu kwa Nasteha pale Garsen, mwambie ni la Jasper wa Ngao. Kama uko kule juu, kona iko karibu na mtaro, isome kutoka upande wa mto. Ila usikawie, pojo zimeanza kuwa njano. Tafadhali nijibu mapema.